Mganda wa Mwisho Shambani

Mwaka 1787, mavuno yakiwa yamekwisha, Mary Houghton aliingia katika shamba la James Steel huko Timworth, kijiji cha kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza, akaokota masuke yaliyobaki chini. Steel akamshtaki. Kesi ikapanda hadi London, na mwaka 1788 majaji wanne wakatoa uamuzi. Watatu walisema sheria ya nchi haimpi maskini haki ya kuokota masazo katika shamba la mtu. Wa nne, Gould, alikataa. Yeye aliegemea Torati, inayomkanya mwenye shamba asirudie alichokisahau nyuma yake. Hoja hiyo haikuwashawishi wenzake, na Mary Houghton akashindwa.

Ukisoma vitabu vya sheria, habari ya kuokota masazo Suffolk imeishia hapo. Ukiwasikiliza wazee wa Suffolk, ndiyo kwanza inaanza. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hukumu ile, wanawake waliendelea kutoka na watoto wao kila mwaka ngano ikishakatwa. Kengele ya kanisa ililia asubuhi, mara nyingi saa mbili, ndipo wakaruhusiwa kuanza. Ililia tena jioni, wakaacha. Sababu yake ni ya haki tupu: mwenye mtoto mchanga mgongoni asikute shamba limekwisha kukwanguliwa na mwenye miguu miepesi. Na kulikuwa na alama nyingine. Mkulima alipokuwa bado anapitisha reki, aliacha mganda mmoja wa ngano umesimama shambani. Ukiuona, huingii. Ukishaondolewa, shamba ni lenu. Mganda huo waliuita “polisi”.

Nalipenda jina hilo kwa sababu linataja umri wake. Sehemu ya mashariki ya Suffolk ilipata kikosi chake cha polisi mwaka 1840. Kabla ya hapo hakuna ambaye angeufananisha mganda na askari wa doria. Basi neno moja la shambani linatueleza kwamba nusu karne baada ya majaji kuikatalia haki, desturi ilikuwa hai kiasi cha kujitungia msamiati mpya. Hakuna karani aliyeliandika neno hilo katika daftari la serikali. Lilikaa midomoni mwa wanawake waliokuwa wakiinama tangu utotoni, mpaka akatokea mtu wa kuwauliza.

Sura hii inahusu hazina hizo mbili, karatasi na mdomo, na namna ambavyo mtu wa Suffolk anayetafuta babu zake hulazimika kugonga milango yote miwili.

Karatasi ilianza mapema. Mnamo Septemba 1538, Thomas Cromwell, waziri mkuu wa shughuli za Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Liandikwe kila Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, kisha lifungiwe ndani ya kasha lenye makufuli mawili, mchungaji wa kanisa ashike ufunguo mmoja na wazee washike wa pili, asiwepo wa kulifungua peke yake. Watu walinong'ona kwamba mfalme anatafuta njia mpya ya kuwatoza kodi. Hawakuwa na haja ya kuwa wajinga ili kuogopa hivyo. Mtu akikuhesabu, mara nyingi ana mpango na wewe. Madaftari mengi ya mwanzo yalikuwa ya karatasi hafifu, na ilipofika 1598 ikaagizwa yanakiliwe kwenye ngozi. Amri yenyewe ilitilia mkazo miaka ya kuanzia 1558, Malkia Elizabeth I alipoanza kutawala, na makarani wavivu wakaona hiyo ni ruhusa ya kuacha miaka ishirini ya kwanza ipotee. Ndiyo maana familia nyingi za Kiingereza zinapofuatwa nyuma hukatikia mwaka 1558, kana kwamba watu wote walizaliwa siku ile malkia alipopata kiti.

Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Suffolk inaonyesha upande wa pili wa msemo huo: maskini asiye na mali aliandikwa pale alipoanza kula mali ya wengine. Tajiri ana hati za mashamba, wosia, jiwe la kaburi lenye nakshi. Kibarua wa shamba ana mistari mitatu, kuzaliwa, kuoa na kufa, isipokuwa amepatwa na balaa. Akipatwa na balaa, anaandikwa ukurasa mzima.

Balaa hilo lilikuwa na sheria yake. Kuanzia 1662, kila mtu alihesabiwa kuwa wa parokia fulani, na parokia hiyo ndiyo iliyowajibika kumlisha akiugua, akizeeka au akikosa kazi. Mgeni asiye na uwezo wa kupanga nyumba ya paundi kumi kwa mwaka aliweza kurudishwa alikotoka. Alipelekwa mbele ya mahakimu, akaulizwa: umezaliwa wapi, baba yako alikuwa wa wapi, umemfanyia kazi nani, kwa muda gani, ulilala wapi? Karani akaandika majibu. Kijana asiye na mke akitumikia mwaka mzima katika parokia moja alipata haki ya kuwa mtu wa pale, kwa hiyo walikuwepo wakulima walioajiri kwa wiki hamsini na moja, wakamlipa kijana, wakamuaga, kisha wakamwita tena. Wiki moja iliyokosekana iliamua mtu atazeekea wapi. Mjane mwenye watoto alipakiwa kwenye mkokoteni akapelekwa kijiji cha mume wake, ambacho pengine hajawahi kukiona, kwa kuwa mke alifuata parokia ya mumewe hata mume akiwa kaburini.

Ukatili huo umewaachia wajukuu zawadi. Hati ya mahojiano ya mahakimu ni wasifu wa mtu asiyejua kusoma, katika maneno yanayokaribiana na yake. Mtu anayeingia The Hold, jengo la nyaraka za kaunti lililofunguliwa Ipswich mwaka 2020, akaambiwa babu wa babu wa babu yake alifukuzwa kijiji fulani kwa ukata, hushangilia kama aliyeokota pochi. Ni furaha ya ajabu kidogo, lakini naielewa. Babu aliyejitegemea maisha yake yote hakuacha neno.

Mwaka 1834 mzigo wa maskini ulihamishwa kutoka parokia moja moja kwenda kwenye miungano ya parokia, kila muungano na nyumba yake kubwa ya maskini. Mume aliwekwa upande wake, mke upande wake, watoto kwingine. Katika Suffolk ya mashariki mojawapo ya nyumba hizo ilisimama Wickham Market. Kwa vibarua wa vijiji vya jirani, jina hilo lilitosha kumnyamazisha mtu mezani. Baadhi hawakusubiri: katika miaka ya 1830 familia za Suffolk zilisafirishwa kwenda kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire, nyingine zikavuka bahari kwenda Kanada, na huko ukoo huanza upya na kumbukumbu iliyokatwa mkia.

Sensa ya mwaka 1841 ndiyo ya kwanza ya kitaifa iliyobakiza majina ya watu kwa wingi. Ni sensa ya mwendo wa haraka. Mtu mzima alipunguziwa umri hadi miaka mitano ya chini iliyo karibu, hivyo mwenye miaka 39 akaandikwa 35. Mahali hasa pa kuzaliwa hapakuandikwa. Palikuwa na safu yenye swali: je, amezaliwa katika kaunti hii hii? Karani akaweka herufi moja, ya ndiyo au ya hapana. Katika vijiji vya Suffolk safu hiyo hushuka ukurasa mzima kwa herufi ya ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ifike kwa mchungaji wa kanisa.

Sasa tugonge mlango wa pili.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa kike alipewa shule ya kijiji cha Blaxhall, maili chache kutoka bahari ya Kaskazini. Alihamia na watoto na mume wake, George Ewart Evans, Mwelshi aliyezaliwa mwaka 1909 Abercynon, kwenye mabonde ya makaa ya mawe, mtoto wa muuza duka. Evans alitaka kuwa mwandishi wa hadithi. Masikio yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, kazi ya kufundisha imemshinda, mke ndiye mwenye mshahara. Katika hali hiyo, mgeni, nusu kiziwi, asiye na shughuli inayoonekana, akaanza kukaa na majirani zake wazee. Jirani mmoja alikuwa Robert Savage, mchunga kondoo mstaafu, pamoja na mkewe Priscilla.

Alichokigundua Evans kilikuwa mbele ya kila mtu. Wazee wale, waliozaliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19, walikuwa wamefanya kazi kwa zana na mbinu ambazo mkulima wa miaka mia kadhaa nyuma angezitambua: mundu, fyekeo, farasi, fimbo ya kupuria nafaka. Watoto wao walikuwa wanaendesha trekta. Mnyororo mrefu ulikatika katikati ya meza moja ya chakula, kati ya baba na mwana. Evans akaona kwamba anaongea na watu wa mwisho, akaacha hadithi za kubuni.

Aliwauliza kuhusu kazi. Hapo ndipo penye ustadi wake, na ingefaa watafiti wengi wa historia ya familia wamwige. Ukimuuliza mzee, “Babu yako alikuwa mtu wa namna gani?” atakujibu alikuwa mtu mwema, mkali kidogo. Ukimuuliza babu yako alikuwa akikorogaje hamira, alikuwa akifunga mganda kwa fundo gani, kondoo akikwama kujifungua alimshika wapi, mikono yake itaanza kusogea hewani, na babu ataingia chumbani. Mama Priscilla alieleza namna ya kuoka mkate wa wiki nzima katika tanuri la matofali lililopashwa kwa kuni, na jinsi alivyotambua joto limefika kwa kutazama rangi ya matofali ndani. Hakuna daftari la Cromwell litakalokupa rangi hiyo.

Kutoka kwa wachungaji wa kondoo tunapata jambo ambalo daftari la maziko lisingeweza kulisema hata likitaka. Ilikuwa desturi katika sehemu mbalimbali za Uingereza kumzika mchungaji akiwa ameshikishwa kishungi cha sufu mkononi. Siku ya hukumu, akiulizwa mbona kanisani hakuonekana Jumapili nyingi, aonyeshe sufu. Kondoo hawana Jumapili.

Kitabu cha Evans kilitoka mwaka 1956, *Ask the Fellows Who Cut the Hay*, jina linalomwambia msomaji aende akawaulize waliokata majani. Kimekuwa kikisomwa tangu hapo. Baadaye Evans alirekodi kwa mashine, akaandika vitabu vingine, na mkwewe David Gentleman akavichorea picha. Wanahistoria wa vyuo vikuu vya Kiingereza wakati huo walizoea kuona maneno ya wazee kama masimulizi ya jioni. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwetu Afrika ubishi huo ulikuwa ukiisha. Mwanahistoria Jan Vansina alikuwa amekusanya masimulizi Rwanda na Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950. Bethwell Ogot alijenga historia ya Waluo juu ya midomo ya wazee. Isaria Kimambo akachapisha ya Wapare mwaka 1969. Ulaya ilidhani masimulizi ni kwa wasio na maandishi. Blaxhall ilikuwa na maandishi ya miaka mia nne, na bado haikujulikana mkate uliokwaje.

Watu hawa walikuwa na Kiingereza chao pia. Jirani huitwa *bor*, msichana ni *mawther*, konokono ni *hodmedod*. Walimu wa shule walijitahidi kuyafuta maneno hayo kwa viboko, wakifikiri wanasafisha lugha, kumbe walikuwa wanafuta njia. Karani aliyesikia jina la ukoo kwa lafudhi hiyo aliliandika alivyolisikia, na ndugu wawili wa tumbo moja wakapata majina mawili. Mtafiti asiyeyatamka kwa sauti, kwa lafudhi ya Suffolk, hupita mbele ya babu yake bila kumsalimia.

Kuna fumbo moja la ukoo ambalo mdomo ulilitatua vizuri kuliko karatasi. Watafiti wa Suffolk walikuta vijana wa vijijini mwao wakiwa Burton upon Trent, katikati ya nchi, mbali sana na nyumbani, wengine wakioa huko. Kwa nini? Wazee walijua. Mavuno yakiisha, kibarua kijana hakuwa na kazi mpaka masika. Burton ilikuwa mji wa bia, na bia huhitaji kimea: shayiri ilowekwe, itandazwe sakafuni ichipue, igeuzwe kwa koleo usiku na mchana, kisha ikaushwe. Ni kazi ya majira ya baridi, na inataka mgongo wenye nguvu. Makampuni ya bia yalituma mawakala kuajiri Suffolk, vijana wakapanda treni mwezi Septemba, wakarudi Mei wamevaa suti mpya. Suti za Burton zilijulikana kijijini. Wengine walirudi na mchumba, wengine hawakurudi. Daftari la ndoa la Burton lina majina yao, lakini limenyamaza kuhusu koleo.

Wa siri kuliko wote walikuwa watunza farasi. Farasi wa Suffolk ni mfupi wa miguu, mpana wa kifua, mwekundu wa kahawia mwili mzima, na wote walio hai leo wanatokana kwa upande wa baba na dume mmoja tu, farasi wa Bwana Crisp wa Ufford, aliyezaliwa mwaka 1768. Ukoo wake umeandikwa kwa uangalifu ambao hakuna kibarua wa Suffolk aliyewahi kuandikiwa. Mtunza farasi aliweza kumsimamisha mnyama wa tani moja asisogee hata akichapwa, na mtu mwingine asiweze kumtoa. Alisema ana mfupa wa chura, uliotupwa kijitoni usiku na kuelea kinyume cha maji. Evans aliwasikiliza kwa miaka, akaja kuelewa kwamba ndani ya uchawi mlikuwa na elimu ya pua. Farasi ana uwezo mkubwa wa kunusa. Mafuta fulani yenye harufu kali yakipakwa mbele yake humfanya agome, na mengine humvuta. Mfupa ulikuwa pazia. Siri ilimlinda mtu ambaye hakuwa na mali nyingine zaidi ya ujuzi wake. Trekta ilipofika, siri haikuwa na wa kurithishwa. Mwaka 1966 waliandikishwa watoto tisa tu wa farasi hao.

Nisije nikaonekana naupendelea mdomo. Mdomo nao hudanganya. Blaxhall kuna jiwe kubwa katika shamba moja, na kijiji kilisimulia kwamba lilipoibuliwa na plau katika karne ya 19 lilikuwa dogo kama mkate, kisha likaendelea kukua. Kaskazini kidogo, Dunwich ilikuwa bandari kubwa ya zama za kati, hadi dhoruba za miaka ya 1280 na za karne iliyofuata zilipoanza kuila, na bahari haijaacha. Kanisa la All Saints lilitumbukia kipande kwa kipande kati ya 1904 na 1919, na mifupa ya makaburini ikachungulia kwenye jabali. Watu hukwambia kengele za makanisa bado zinasikika chini ya mawimbi. Ni uongo mtamu. Lakini tazama karatasi ilichosema wakati huo huo: mpaka mwaka 1832 Dunwich, mji ambao sehemu kubwa yake ilikuwa mali ya samaki, ilipeleka wabunge wawili London. Kati ya kengele za majini na wabunge wa majini, sijui kipi ni ngano kubwa zaidi.

Ronald Blythe, mwana wa Suffolk aliyezaliwa Acton mwaka 1922, alichukua njia ya katikati. *Akenfield*, kitabu chake cha mwaka 1969, kinawapa nafasi ya kusema mhunzi, mchimba kaburi, muuguzi, mvulana wa bustani. Kijiji chenye jina hilo hakipo. Alichanganya vijiji vya Charsfield na Debach, akabadilisha majina ya watu. Mtafuta ukoo hawezi kukitumia kama ushahidi. Hata hivyo Peter Hall, naye mzaliwa wa Suffolk, alipotengeneza filamu kutokana nacho, aliwatumia wenyeji badala ya waigizaji, na wenyeji hao hawakuhitaji kufundishwa kushika zana.

Nchini Uingereza sensa hufungwa kwa miaka mia moja. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na familia nyingi za Suffolk zilikaa mbele ya kompyuta zikimtafuta bibi. Inayofuata ingekuwa ya 1931, lakini haitafunguliwa kamwe: iliteketea kwa moto mwezi Desemba 1942 katika ghala la Hayes, pembeni ya London, ambalo halikushambuliwa na ndege yoyote. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Imebaki orodha ya watu iliyoandikwa Septemba 1939 kwa ajili ya vitambulisho, nayo haikuuliza mtu amezaliwa wapi. Baada ya hapo hakuna sensa ya kusoma mpaka ile ya 1951 itakapofika zamu yake.

Kwa usiku wa Jumapili ya tarehe 26 Aprili 1931, basi, nani alilala katika nyumba ipi ya Blaxhall, ni mjomba gani aliyekuwa mgeni, ni mtoto gani aliyelelewa na shangazi kama wake, hakuna ofisi inayojua. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano usiku ule alizaliwa mwaka 1925 au 1926. Wachache wa umri huo wangali hai, katika vyumba vyenye joto vya nyumba za wazee, Ipswich na Woodbridge, na chai hupitishwa saa kumi.